Viungo Vitano na Kijiko cha Mafuta ya Moto

Kuna sauti moja ambayo nikiisikia jikoni najua kwamba sufuria iliyokuwa na adesi za kuchemsha tu sasa ina kitoweo. Ni sauti ya mafuta ya moto yaliyobeba bizari nyembamba, kitunguu saumu na pilipili kavu yanapomwagwa juu ya adesi zilizoiva: mafuta hulia kwa nguvu, mvuke hupanda, na harufu ambayo dakika moja kabla haikuwepo huenea hadi chumba cha mwisho. Nimepika mboga na vyakula vya jamii ya kunde kwa ladha za Kihindi kwa miaka mingi sasa, karibu kila siku ya juma, na bado husimama kidogo nikaisikiliza sauti ile kabla sijafunika sufuria.

Wageni ninaowakaribisha mezani huniuliza nimetia viungo vingapi, na jibu langu huwashangaza. Mara nyingi ni vitano: mbegu za haradali, bizari nyembamba (ambayo wengine huiita jira na wengine uzile), manjano, giligilani na pilipili. Siku nyingine ni vitatu. Nionavyo mimi, ladha ya vyakula hivi haitokani na wingi wa viungo bali na wakati ambao kila kiungo kinaingia kwenye mafuta, na mpishi akishaujua utaratibu huo anaweza kupika juma zima kwa vikopo vitano bila kurudia ladha ile ile.

Sikuanza hivyo. Mara ya kwanza nilikuwa na orodha ya viungo 16, nikavinunua vyote vikiwa vimesagwa, nikavitia kwa pamoja kwenye mboga iliyokuwa imekwisha kuchemka. Mchuzi ulitoka na rangi ya udongo, ukawa na chenga za unga mbichi kwenye ulimi, na iliki haikuweza kutambulika mbele ya giligilani. Niliongeza chumvi, nikaongeza pilipili, wala hakuna kilichosaidia, kwa kuwa kosa lilikuwa limekwisha kutendeka: viungo vilikuwa havijagusa mafuta. Baadaye nilifanya kosa la upande wa pili. Nilitia mbegu za uwatu kwenye mafuta yaliyokuwa yakitoa moshi, nikageuka kukata nyanya, na niliporudisha macho zilikuwa nyeusi. Uwatu ulioungua una uchungu usiotibika. Ilinibidi nimwage mafuta, nioshe kikaango na kuanza upya. Tangu siku hiyo sikati chochote mafuta yakiwa motoni. Kila kitu hukatwa, hupimwa na kupangwa kabla jiko halijawashwa.

Sababu ya jambo hili inaeleweka vizuri. Sehemu kubwa ya vitu vinavyovipa viungo harufu na ladha huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Mbegu ya bizari ikichemshwa majini hutoa kiasi kidogo tu cha ilicho nacho, lakini ikitiwa kwenye kijiko cha mafuta ya moto harufu yake huhamia kwenye mafuta, na mafuta yale huifikisha kwenye kila punje ya wali na kila kipande cha kiazi. Rangi ya manjano nayo ni hivyo hivyo: hukolea ikikutana na mafuta. Ndiyo maana India, pamoja na tofauti zake zote za lugha na vyakula, ina kitendo hiki kimoja na kila lugha imekipa jina lake. Wasemaji wa Kihindi hukiita tadka au chhaunk, Wagujarati vaghar, Wamarathi phodni, Watamil thalippu. Neno la Kiswahili la kuunga linakaribia sana, isipokuwa kwamba mtu akisema anaunga mboga mara nyingi anafikiria kitunguu na nyanya zinazotangulia, ilhali tadka inaweza kuja mwanzoni mwa upishi, au mwishoni kabisa, au mara zote mbili kwa chakula kimoja.

Utaratibu wenyewe hufuata uwezo wa kila kiungo kustahimili moto. Mafuta hupashwa kwa moto wa wastani hadi mbegu moja ya haradali ikitupwa ndani ipasuke baada ya sekunde chache. Haradali hutangulia, kwa sababu isipopasuka hubaki na uchungu. Hurukaruka na kupiga kelele kama mvua juu ya bati, kwa hiyo mfuniko uwe karibu. Milio ikianza kupungua bizari nyembamba hufuata, nayo haihitaji zaidi ya sekunde 10 hadi 15: inavimba kidogo, inakolea kuwa ya kahawia, na harufu yake ambayo kikopo kikifunguliwa hunukia kama vumbi sasa hukaribia ile ya karanga zilizokaangwa. Hapo huingia pilipili kavu nzima, kisha kitunguu saumu, kisha majani mabichi ya ule mti ambao Watamil huuita karivepillai (kwa Kiingereza curry leaves), ukibahatika kuyapata. Majani haya yana maji ndani yake na yatarusha mafuta, basi simama mbali kidogo. Viungo vya unga, yaani manjano, giligilani na pilipili iliyosagwa, huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa au umezimwa kabisa, maana unga huungua upesi kuliko mbegu. Mimi huweka pembeni nyanya iliyokatwa au vijiko viwili vya maji, na ndani ya sekunde 30 huwa nimeumwagia unga huo ili usiendelee kuchomeka.

Chakula ninachompa kila anayetaka kuanza ni adesi nyekundu zilizokobolewa na kupasuliwa, ambazo kwa Kihindi ni masoor. Hazihitaji kulowekwa. Napima kikombe 1, naziosha kwa kuzisugua kwa vidole mara nne au tano hadi maji yanapokuwa maangavu, kisha nazitia sufuriani na vikombe 3 vya maji, robo ya kijiko cha chai cha manjano na kipande kidogo cha tangawizi iliyopondwa. Zikianza kuchemka hutoa povu linalopanda haraka. Naliengua kwa upawa, napunguza moto, naegemeza mfuniko bila kuufunga, na kuziacha dakika 20. Adesi zilizoiva hupoteza rangi yake ya chungwa na kuwa za njano, na ukizibonyeza kwa mgongo wa kijiko ukingoni mwa sufuria huvurugika bila ubishi. Hapo natia chumvi na kuzipekecha, lakini siendelei hadi ziwe uji. Natosheka nusu yake zikivurugika na nusu zikibaki na umbo. Wengi huziacha nzito mno. Zikiwa bado jikoni zionekane nyepesi kidogo kuliko unavyotaka kuzila, kwa sababu zitaendelea kunywa maji hata baada ya moto kuzimwa.

Kisha nachukua kikaango kidogo, natia vijiko 2 vya chakula vya samli au mafuta, kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba, pilipili kavu 2, na punje 4 za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba. Kitunguu saumu ndicho saa yangu. Kikiwa cheupe bado ni mapema. Kingo zake zikianza kupata rangi ya dhahabu nazima moto papo hapo, kwa kuwa joto lililobaki kwenye mafuta litamalizia kazi. Natia nusu kijiko cha unga wa pilipili, ambao katika mafuta yale hutoa wekundu wake wote kwa mara moja, na namwaga vyote juu ya adesi huku nikiushika mfuniko kwa mkono wa pili. Nafunika kwa dakika 5 ili ule mvuke wenye harufu usitoroke. Ndimu na kotimiri vinasubiri mezani, na wali mweupe usio na kitu kingine unatosha kuwa mwenzake.

Anayeweza kupika adesi hizi ameshika ufunguo wa jamii nzima ya kunde. Choroko zilizopasuliwa, yaani moong, huiva upesi na hazilemei tumbo, ndiyo maana India hupikiwa wagonjwa na watoto. Mbaazi zilizopasuliwa, ambazo ni toor, ndizo msingi wa sambar, mchuzi wa kusini mwa India, ambako hukutanishwa na mboga zilizochemshwa katika maji ya ukwaju. Gujarat huzipika kwa sukari guru na kitu kichachu hadi utamu, uchachu na ukali wa pilipili vinakaa pamoja katika kijiko kimoja. Dengu zilizopasuliwa, chana dal, zinataka kulowekwa angalau saa 1 na hubaki na umbo lake hata zikiiva, nami huzipenda kupikwa na mumunye. Kinachobadilika kati ya moja na nyingine ni muda wa moto na tadka ya mwisho. Wabengali, kwa mfano, wana mchanganyiko wa mbegu nzima tano uitwao panch phoron, wenye bizari nyembamba, uwatu, habasoda, shamari na haradali, na adesi zile zile nyekundu zikiungwa kwa mbegu hizo huwa chakula kingine kabisa. Uwatu nilioukosea zamani sasa hunipendeza katika mchanganyiko huu, kwa kuwa naujua: unapogeuka rangi kidogo tu, kikaango kinatoka motoni.

Nyanya, ukwaju na ndimu visiingie kabla punje hazijalainika. Uchachu huzifanya kunde zikatae kuiva, nami nimewahi kuchemsha dengu kwa saa 2 na nusu zikabaki kama changarawe kwa sababu nilitia ukwaju mwanzoni. Wapo wanaotia magadi soda ili kuharakisha. Ni kweli hulainisha, lakini huharibu vitamini B1 na ikizidi huacha ladha ya sabuni, kwa hiyo naona kuloweka usiku kucha ni njia bora. Maharage mekundu, yale makubwa ambayo kaskazini mwa India hupikwa kwa nyanya na tangawizi na kuitwa rajma, yanataka uangalifu wa pekee. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili, aina ya protini iitwayo lektini, inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo hauiondoi. Yalowekwe kwa saa 5 au zaidi, maji hayo yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa moto mkali, yakitokota kabisa, kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto na kuendelea hadi yaive. Vyombo vya umeme vinavyopika polepole visitumiwe kwa maharage haya yakiwa mabichi. Nasisitiza jambo hili kila mara kwa sababu chakula chenyewe ni kitamu mno kuachwa, na tahadhari yake ni ndogo.

Kwa upande wa mboga zisizo na mchuzi, viazi kwa bizari nyembamba ndivyo vyepesi kuliko vyote: viazi vilivyochemshwa na kupoa hukatwa, hutiwa kwenye mafuta yenye bizari iliyokwisha kukolea, hunyunyiziwa manjano, giligilani, pilipili na chumvi, na huachwa bila kukorogwa hovyo hadi upande mmoja uwe mkavu na wa kahawia. Koliflawa hufuata njia hiyo hiyo, ila yenyewe huiva kwa mvuke wake ikifunikwa, bila tone la maji.

Bamia ndizo zinazolaumiwa bure. Watu huzikimbia kwa sababu ya utelezi, na utelezi huo husababishwa na mkono wa mpishi kwa sehemu kubwa, kwa kuwa huzidi zinapokutana na maji. Zioshwe zikiwa nzima, zifutwe kwa kitambaa moja moja, ziachwe zikauke hata saa 1, kisha zikatwe kwa kisu kikavu juu ya ubao mkavu, vipande vya urefu wa sentimita 2 hivi. Kikaango kiwe kipana ili zisirundikane. Kwa nusu kilo ya bamia natia vijiko 3 vya mafuta, naunga bizari nyembamba, natia bamia bila chumvi na bila mfuniko, na kuzigeuza mara chache tu kwa dakika 12 hadi 15. Katika dakika za mwanzo nyuzi za utelezi huonekana, zikivutika kati ya kijiko na kikaango, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kutia maji. Subira kidogo: nyuzi zile hukauka zenyewe, kingo za bamia huwa za kahawia, na kijiko huanza kupita bila kunaswa. Chumvi huja hapo, kwa kuwa ikitangulia huvuta maji kutoka ndani ya bamia, pamoja na manjano, giligilani na kitu kichachu. India hutumia amchur, yaani unga wa embe mbichi zilizokaushwa. Ndimu nayo inafaa, kwani uchachu humalizia utelezi uliobaki.

Ikiwa ni lazima nichague mboga moja tu ya kula hadi uzeeni, nitachagua biringanya la kuchoma, ambalo Wapunjabi huliita baingan da bharta. Nalitoboa kwa ncha ya kisu mahali viwili vitatu, nasukumia punje za kitunguu saumu ndani ya matundu hayo, nalipaka mafuta na kuliweka moja kwa moja juu ya moto wa gesi au wa makaa. Kila dakika 4 nalizungusha kwa koleo. Ngozi huwa nyeusi na kupasuka, maji huanza kutoka na kulia kwenye moto, na baada ya dakika 15 hadi 20 biringanya hunyong'onyea kiasi kwamba likishikwa shingoni linaning'inia. Nalifunika kwenye bakuli kwa dakika 10 ili ngozi iachane na nyama yake, kisha namenya kwa vidole, na vidole hivyo nalowesha kwenye kibakuli cha maji pembeni. Biringanya lenyewe silioshi hata mara moja, hata likibaki na madoa meusi, kwa sababu moshi ndio niliokuwa nautafuta na maji yangeuchukua. Naliponda kwa uma pamoja na kitunguu saumu kilichoivia tumboni mwake.

Sufuria ya pili ndiyo yenye fundisho. Nakaanga kitunguu maji hadi kiwe cha kahawia hafifu, natia tangawizi na pilipili mbichi, kisha nyanya 2 zilizokatwa ndogo, manjano, giligilani na chumvi. Kuanzia hapo kazi ni kukoroga na kungoja. Mwanzoni nyanya hutoa maji na kila kitu huelea. Baadaye maji hupungua, mchanganyiko huwa mzito na kuanza kushika chini, na mwishowe mafuta yaliyokuwa yamemezwa hujitokeza tena pembeni, mekundu na yenye kung'aa. Wapishi wa India huiita hatua hii bhunna, na dalili ya mafuta kujitenga ndiyo ruhusa ya kuendelea. Maana yake ni kwamba maji ya nyanya yamekwisha, joto la sufuria limepanda kupita lile la maji yanayochemka, na viungo sasa vinakaangwa badala ya kuchemshwa. Mimi hungoja dakika 8, wakati mwingine 10. Anayetia mboga kabla ya hapo atapata ladha ya nyanya mbichi na giligilani mbichi, na hakuna kuchemsha baadaye kutakakoirekebisha. Biringanya likishaingia, dakika 5 zinatosha.

Wapo watu nchini India wasiotumia kitunguu maji wala kitunguu saumu kabisa, kama Wajaini, yaani wafuasi wa dini ya Ujaini, ambao pia huacha mboga nyingi zinazochimbwa ardhini, viazi vikiwemo, kwa kuwa kung'oa mmea na mizizi yake huua viumbe vilivyomo udongoni. Chakula chao hakina upungufu wowote wa ladha, na sababu mojawapo ni mvuje. Huu ni utomvu mkavu wa mizizi ya mimea inayoota hasa Iran na Afghanistan. Ukiwa kwenye kikopo harufu yake ni kali hadi ya kuudhi, lakini chembe zake zikigusa mafuta ya moto kwa sekunde tatu hugeuka na kufanana na kitunguu kilichokaangwa polepole. Kiasi kinachoshikwa kwa ncha za vidole viwili kinatosha sufuria ya watu wanne. Mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, jambo ambalo mtu asiyekula ngano hana budi kuliangalia kwenye maandishi ya kikopo.

Pilipili tunazozihesabu kuwa roho ya chakula cha Kihindi si za asili ya huko. Zilitoka Amerika pamoja na nyanya na viazi, na ni Wareno walioingiza pilipili India baada ya Vasco da Gama kufika pwani ya Malabar mwaka 1498. Kabla ya hapo ukali ulitoka kwenye pilipili manga, ambayo Malabar ndiyo kwao, na kwenye pilipili ndefu, jamaa ya pilipili manga, na tangawizi. Nilipolijua hili nilijaribu kupika choroko kwa pilipili manga iliyopondwa papo hapo, tangawizi, bizari nyembamba na samli tu. Ukali wake haukuwaka kwenye ncha ya ulimi, bali ulikuja taratibu kooni na kukaa. Sasa huzipika hivyo kila msimu wa baridi.

Mtindi una chakula chake ambacho hakihitaji mboga yoyote, nacho ni kadhi. Kikombe 1 cha mtindi mchachu hupigwa na vijiko 2 vya chakula vya unga wa dengu hadi madonge yaishe, huongezwa vikombe 3 vya maji na manjano kidogo, na huwekwa motoni huku ukikorogwa bila kuachwa hadi uchemke. Unga huo wa dengu ndio unaouzuia mtindi usikatike. Hata hivyo mkono usipumzike kabla ya mchemko wa kwanza. Baada ya hapo moto mdogo kwa dakika 20 hadi 25 huondoa ladha ya unga mbichi, na tadka ya haradali, bizari, uwatu kidogo na pilipili kavu humalizia. Gujarat huipika nyepesi yenye utamu, Punjab huipika nzito na kutumbukiza bajia ndani yake.

Siku ambayo sina nguvu za kupika, napika khichdi. Nusu kikombe cha mchele na nusu kikombe cha choroko zilizopasuliwa huoshwa pamoja, hukaangwa dakika 1 kwenye samli yenye bizari nyembamba na mvuje, hutiwa manjano, chumvi na vikombe 4 vya maji, na hufunikwa hadi vyote vilainike na kushikana, kiasi cha dakika 30. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika India katika karne ya 14, aliandika kwamba watu wa huko walichemsha choroko pamoja na mchele, wakatia samli na kula kila asubuhi, na jina alilolisikia, kishri, ni hili hili. Mchele una upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi-amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, nazo choroko zina lisini kwa wingi. Choroko nazo hupungukiwa methionini, ambayo mchele unayo. Watu wale walikuwa wamekwisha kuviweka katika sufuria moja karne nyingi kabla ya maneno hayo kujulikana. Mimi huila kwa mtindi baridi uliochanganywa na tango lililokunwa, chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta kisha ikapondwa, na kijiko cha samli juu yake ambacho sikipimi.

Adesi zikibaki hadi asubuhi huganda kama uji mzito, na kuzipasha moto kwa kuongeza maji kunawezekana, ila tadka ya jana huwa imefifia na inabidi kuunga nyingine ndogo. Mara nyingi siongezi maji. Nazikandia kwenye unga wa ngano wa atta, kikombe 1 cha adesi kwa vikombe 2 vya unga, natia kotimiri iliyokatwa, na donge linaposhikana naliacha dakika 20 lipumzike kabla sijalisukuma. Chapati zake hutoka na madoadoa ya manjano, na vipande vya kitunguu saumu cha jana, vile vyenye kingo za dhahabu, huonekana humo ndani zikikunjuliwa.